Teza Amechanua

Kabla sijasema neno, Khaled mwanangu, chungulia dirishani kama kuna mtu amesimama nyuma ya tangi la maji. Hakuna? Tazama vizuri, usinitazamie kwa adabu tu. Bon. Houda, funga mlango. Na wewe Cirimwami, mkwe wangu, kaa hapo kwenye kigoda karibu na redio, bonyeza kile kitufe chekundu pamoja na cha pembeni yake, uniambie kama kaseti inazunguka. Inazunguka? Nataka izunguke mpaka nimalize, maana mi nawajua watu, marehemu hajafika kaburini na kila mmoja tayari anakumbuka maneno yake. Na yeyote atakayesema kitu humu ndani, nitakirudia kwa mdomo wangu mwenyewe ili kaseti isikie, na pia kwa sababu sikio hili la kushoto limeuawa zamani na injini za malori. Mama Khaled, wewe kaa hapa hapa pembeni yangu, na mkono wako uuache hapo ulipo.

Bismillahi. Wanangu, mimi Twahiru, fundi wa magari, ambaye nusu ya magari ya kartiye ya Asiatique, mtaa mzima ule, yamelala kwenye garaji yangu, nimewaita baada ya Alasiri hii kwa sababu najua siku zangu zimekwisha. Daktari aliwaambia kwa Kifaransa kwamba moyo umechoka, akateremsha sauti ili nisisikie, kama vile Kifaransa nimekianza jana. Nilisikia. Na asubuhi nimesikia pia ile mizinga upande wa Musaga, ambayo Houda ananiambia ni radi, radi ya kiangazi, mwezi wa saba, mbingu kavu hivi! Mnanidanganya kwa mambo makubwa, na ndiyo maana leo nawauliza jambo dogo.

Kuhusu nyumba hii ya Mutanga Sud na garaji sina maneno mengi, Mwenyezi Mungu keshagawa mafungu katika Kitabu chake, mwiteni shehe awasomee na msimbishie. Deni la mtu sina, nani angenikopesha na mimi simwamini, na yeye angeniaminije? Jambo langu ni moja, na sitoi radhi yangu kwa mtu yeyote aliyemo katika chumba hiki mpaka nilijue. Mnielewe vizuri: nikikata roho kabla sijajibiwa, mtabaki bila radhi ya baba yenu, mtazeeka hivyo hivyo. Nauliza: nani aling'oa Teza wangu na kunipandia mwingine mahali pake?

Mnatazamana. Mnasema moyoni mzee homa imempanda kichwani. Cirimwami hajui Teza alianzaje, basi ngoja nieleze tangu mwanzo, na nyinyi wengine msikilize ata kama mmeshachoka nayo hadithi hii.

Zamani, kabla ya vita, kila kiangazi, mvua zikishakata na barabara za udongo zikikauka, mimi na mama yenu tulikuwa tunafunga garaji, tunamwacha Khaled kwa bibi yake Buyenzi akilia, tunaondoka na ile Peugeot 404 ya rangi ya maziwa. Watu walitucheka sana. Mwislamu wa Bujumbura anasafiri kwenda harusini, au msibani, au kununua bidhaa Kigoma. Kusafiri kwenda kutazama tu maji yanavyoanguka, hiyo walisema ni kazi ya Wazungu. Mashemeji zangu waliamini tunakwenda kwa mganga. Waache waamini. Tulikwenda Karera, kule Rutana, maji yanamwagika kwenye miamba mpaka huwezi kumsikia mtu aliye mbele yako, mama yenu akavua viatu akaingia hadi magotini, na mi nikabaki juu nalinda gari, kwa sababu kulikuwa na vijana wawili wanalitazama mno. Tulikwenda Nyakazu, pale mlima ulipopasuka, unasimama ukingoni unaiona nchi yote ya Moso imelala chini mpaka upande wa Tanzania. Tulikwenda ziwa Rwihinda kutazama ndege, mwenye mtumbwi akatuambia tupande, nikakataa, sikuyapenda macho yake, ila mama yenu akapanda peke yake, akanipungia mkono kutoka katikati ya maji. Nilisimama pale ufukweni nikihesabu makosa ya yule mtu, na hakufanya ata moja.

Na kila tulipokwenda mama yenu alirudi na mmea mmoja. Haibi, anamwomba mwenyeji, wanacheka pamoja, anapewa. Anaufunga mizizi kwa gunia lililoloweshwa, anaupakata mapajani njia nzima, na askari wa kizuizini wakituuliza tumebeba nini tunajibu maua, wanatufungulisha buti, hawaamini. Askari wale niliwaheshimu. Sasa majina ya maua mi sijui, nalijua waridi basi, kwa hiyo kila mmea tukauita kwa mahali ulikotoka: Karera pale kwenye ngazi, Nyakazu ukutani, Rwihinda kando ya bomba. Nikirudi jioni nanuka oili, kabla sijavua viatu nauliza, Rwihinda hajambo? Naye anajibu kutoka jikoni, hajambo, ameshakunywa. Wageni walidhani tuna watoto wengine tumewaficha.

Teza tulimkuta kwenye mashamba ya chai ya Teza, kule juu, baridi inauma mpaka nilivaa koti juu ya kanzu na mama yenu akajifunga shuka la kitanda. Alikuwa kwenye mtaro nyuma ya nyumba ya msimamizi, ua moja jeupe limejikunja kama faneli ya kumiminia oili. Tukamleta hapa, tukampanda chini ya dirisha hili ambapo maji ya udhu yanamwagwa, kwa sababu bomba likikauka mjini, maji ya udhu hayakauki, lazima tuswali. Akashika. Akatoa majani mapana ya kijani. Lakini ua? Ata moja, wanangu. Kiangazi kikaja kikaenda, kingine kikaja, Teza majani matupu. Mama yenu akasema anakumbuka baridi yake, hataki joto letu la ziwani. Nikalipenda jambo hilo, sijui niwaelezeje. Vita vilipoingia nikalipenda zaidi. Nilimwona kila mtu mjini anageuka, yule niliyekunywa naye chai asubuhi jioni anavuka barabara asinisalimie, kartiye zinahamwa, watu wanaulizana umezaliwa wapi, na Teza chini ya dirisha langu anakataa tu kugeuka. Nikasema, huyu ndiye pekee asiyenizunguka.

Safari zilikwisha mwaka ule rais alipouawa. Barabara zikafungwa, magari yakachomwa njiani pamoja na waliomo. Kiangazi kilipofika mama yenu alilifua lile gunia, akalikunja, akaliweka kabatini. Kisha ukaja mwaka tuliokimbilia Uvira sote, ng'ambo Kongo, mnaukumbuka. Mama yenu na Houda walitangulia kurudi. Mimi na Khaled tulibaki kule, natengeneza malori ya watu. Niliporudi nikaikuta nyumba imesimama, bustani imesimama, Karera kwenye ngazi, Nyakazu ukutani, Teza na majani yake. Ila nilipokanyaga, udongo ulikuwa laini. Udongo wa miaka haulainiki wenyewe. Nikauliza, mama yenu akaniambia wanajeshi walikuja kutafuta bunduki, wakachimba kidogo karibu na lango, wakaenda zao. Nikajua hapo hapo. Mwanajeshi haoti ndotoni bustani ya fundi Twahiru, kuna mtu amemwonyesha. Nikainua macho, nikamwona Mwalimu Astère, jirani yetu, amesimama upande wake wa ukuta anaitazama bustani yangu pembe kwa pembe. Alipoona namwona akainamisha kichwa. Mtu asiye na kitu moyoni anainamisha kichwa kwa nini?

Tangu siku ile sikumjibu tena. Kila asubuhi alikuwa ananisalimia bwakeye, kwa Kirundi chake kizuri cha mwalimu, nami nawasha gari. Mkewe Dorothée alipofariki nikasikia nyimbo za kanisa zinavuka ukuta, nikaongeza sauti ya redio, hii hii mnayoiona. Na leo nasema mbele ya kaseti: Astère asishike jeneza langu, asitie mguu matangani kwangu, akija mumkalishe nje ya lango. Hilo nimelisema, tuendelee.

Sasa juzi mmekisogeza kitanda changu hapa dirishani ili nipate hewa. Leo mchana mama yenu amenitawadhisha, akayamwaga maji dirishani kama kawaida yake, nami nikageuza kichwa kuyafuata maji. Nikaona ua. Jeupe, limesimama wima, na jingine nyuma yake, na jingine bado limefunga. Teza amechanua! Miaka yote ile hakuchanua, joto ni lile lile, ziwa ni lile lile, mi ndiye ninayekufa, basi Teza anachanua kwa furaha gani? Nikaswali Adhuhuri sijui nimesoma nini. Huyu si Teza. Kuna mtu kamng'oa wa kwangu na kuniwekea wa dukani, akidhani mzee haoni.

Naanza na wewe, Khaled, mtoto wangu wa kwanza. Mwezi ule wa Rajabu ulimleta mtu hapa na kofia ya majani, ukaniambia ni rafiki yako. Rafiki gani anakuja kusalimia na tepu ya kupimia? Nilimwona anavuta tepu kutoka ngazini mpaka ukutani, anakuonyesha vidole. Unataka kujenga vyumba vya kupangisha kwenye parseli hii, kiwanja changu mwenyewe, unataka simenti imwagwe juu ya Karera na Rwihinda, na ili baba asipige kelele ukaanza kuwang'oa mmoja mmoja na kuweka wengine wasio na thamani. Unasema nini? Kaseti, anasema: "Wallahi, Baba, vyumba nilitaka, lakini sikugusa ua." Vyumba ulitaka! Angalau umekiri kimoja. Kaa chini, usisimame unapoapa, unaniziba mwanga.

Cirimwami. Siku ya ndoa tulikupa jina la Issa na hakuna aliyekuita Issa ata siku moja, hiyo si hatia yako. Lakini we, kila kukicha, kabla hujanywa chai, unachukua kopo unamwagilia bustani isiyo yako. Unainua majani unatazama chini yake. Mkwe anayenyamaza, asiyeomba kitu, anayenyweshea maua ya mzee anayekaribia kufa, mi namwogopa kuliko mkwe mlevi. Ulivuka mto Rusizi kutoka Kongo na sanduku moja, sasa unatafuta pa kuotesha mizizi? Sema, usiogope redio. Anasema: "Baba mukwe, kwetu mutu akiona kitu iko na kiu anakipatia mayi." Basi? "Basi." Jibu fupi mno. Mtu mwenye jibu fupi ameliandaa.

Na Houda. Houda mwanangu, mbona unatazama sakafu? Tangu nimelitaja jina la Teza hujainua uso. Kitasa cha mlango hukukiachia tangu ulipokifunga. Wewe ulirudi na mama yako kutoka Uvira, ulikuwa binti mwenye akili zako, uliona kilichokuwepo na kisichokuwepo. Nani alikuja? Astère alikuja, siyo? Aliruka ukuta huyu mwalimu akatuibia Teza, na nyinyi mkanificha kwa kuogopa nitakwenda kumvunja shingo! Unalia. Kwa nini unalia, swali langu halina matusi. Unamtazama mama yako wa nini? Mama yako simuulizi. Katika mji huu wote, na wakati huu wote wa kuogopana, ni mtu mmoja tu sijawahi kumpekua mfuko, ndiye huyu anayenishika mkono.

Mama Khaled, mbona unauondoa mkono wako?

Apana, usiende kuchemsha maji, maji yapo. Kaa. Unasema nini? Sema upande huu wa kulia. Rudia, kaseti haijasikia. Anasema: "Teza alikufa." Alikufa lini? "Mwaka wa Uvira." Huyu mke wangu anasema Teza alikufa mwaka wa Uvira. Na Karera? "Alikufa." Na Nyakazu? Ngoja, usiende haraka. Na Rwihinda wa mtumbwi? Anasema wote. Anasema yeye na Houda walipofungua lango hawakukuta bustani, walikuta mashimo, wanajeshi walichimba kila mahali wakitafuta bunduki, na mizizi ilikuwa juu ya udongo imekauka kwa jua siku nyingi, ukiishika inavunjika. Anasema alikaa kwenye ngazi na mtoto wake, akalia kwa sauti. Mke wangu Sikuzani akalia kwa sauti, na mi niko Uvira nafunga boliti za lori la mtu!

Endelea. Nakurudia neno kwa neno. Anasema Dorothée alimsikia akilia, akaja na koleo. Dorothée wa Astère. Anasema mstari huu wote wa nyumba ulichimbwa, na kwa Astère walichimba mpaka sakafu ya jikoni, ni mimea ya nyuma tu ndiyo iliyosalimika, hakuna mtu aliyemwonyesha mtu. Anasema Dorothée aligawa bustani yake ya nyuma nusu kwa nusu. Na ile isiyopatikana kwake, wakafunga leso zao, mmoja na tasbihi mfukoni na mwingine na rozari, wakazunguka Mutanga Nord mlango kwa mlango, siku ambazo watu walikuwa hawafungulii ata ndugu zao, wakiomba mmea wa ukutani unaofanana na Nyakazu, mmea wa ngazini unaofanana na Karera. Watu waliwafungulia? "Wengine." Na aliyechimba mashimo ya kupandia, akayasawazisha, akabeba maji kutoka mtoni bomba lilipokauka, ni nani? Mke wangu, sema jina lake, mi siwezi kulisema.

Anasema: "Mwalimu Astère."

Kumbe siku ile ukutani alikuwa anatazama kama mimea yake imeshika.

Ngoja kidogo. Msizime. Houda, niinue mto.

Mbona hukuniambia? Anasema alitaka nirudi nikute safari zetu zipo, kwa sababu safari nyingine hakukuwa nayo tena. Halafu nikarudi na maneno yangu ya Astère msaliti, Astère mchongezi, na akaona akinieleza mimea imetoka kwake, ningeng'oa. Kweli. Ningeng'oa wote kwa mikono hii, siku ile ile. Anasema alijaribu siku Dorothée alipofariki, alisimama hapo mlangoni amejitanda, akaniambia twende tukawape pole. Nakumbuka. Nilimwambia nenda peke yako. Akaenda peke yake.

Nimelala hapa nakuoneni nyote wezi, na mwanamke aliyetugawia bustani yake nikamwongezea sauti ya redio akizikwa. Ya Rabbi. Nimeumia, wanangu, nasema wazi, nimeumia kuliko moyo huu wa daktari.

Lakini hapana, bado kuna jambo halijakaa sawa, msidhani nimekwisha kabisa. Huyu wa chini ya dirisha. Kama ni wa Dorothée, na kwao Dorothée ni Rumonge, chini kando ya ziwa, mmea uliozoea joto, mbona hakuchanua miaka yote hii? Nimemwona na majani matupu tangu nirudi Uvira. Hapo, mama Khaled, nimekukamata. Unacheka na machozi yako hayo, haya jibu. Anasema alikuwa anachanua, mwanzo wa kila kiangazi. Anasema kila asubuhi, mi nikishatoa gari langoni, alikuwa anachukua mkasi wa cherehani, anazunguka nyuma ya tangi, anakata kila kichwa cha ua kabla hakijafunguka, ili nikirudi nimkute Teza wangu anayekumbuka baridi. Kila asubuhi? "Kila asubuhi." Na alikuwa anavipeleka wapi? Kwa Dorothée, wakiweka kwenye glasi mezani, na alipofariki akawa anavipeleka kaburini kwake. Na sasa mkasi umepotea? Umesahau? Umechoka nami?

Anasema: "Mwezi huu nilikuwa hapa na wewe."

Kaseti, umesikia? Anasema mwezi huu alikuwa hapa na mimi.

Nipe maji. Kidogo, yatosha.

Sikuzani, nikuulize la mwisho, usikasirike. Kule Rwihinda, ulipokuwa katikati ya ziwa, ulinipungia mkono kweli au ulikuwa unafukuza ndege? Anacheka. Anasema alinipungia, alitaka niingie mtumbwini. Ningeingia. Mtu yule wa mtumbwi alikuwa mzuri tu, alikuwa na makengeza, basi.

Khaled, simama sasa. Nenda kwa Mwalimu Astère. Pita langoni kwake, ubishe hodi, usimwite juu ya ukuta kama mbuzi. Mwambie Twahiru anasema bwakeye. Najua ni jioni. Mwambie hivyo hivyo, ni ya asubuhi nyingi. Na mwambie ninamwomba aje sasa hivi, nina neno la kumwambia kuhusu Dorothée ambalo nimechelewa kulisema. Akikataa kuja usimlazimishe, ana haki. Nenda, mwanangu, viatu utavalia njiani.

Nyinyi wengine sikieni yaliyobaki, pumzi inanipungukia. Yale niliyoyasema mwanzo kuhusu Astère yafutwe. Kaseti hii irudisheni nyuma, au iacheni, watu wasikie nilivyokuwa. Jeneza langu likitoka mlangoni, pembe ya mbele ya kulia ashike Astère, mpaka barabarani, halafu vijana wa msikitini waendelee. Shehe akiuliza, mwambieni ndivyo alivyousia marehemu. Vifaa vya garaji, spana, jeki, mashine ya kuchomelea, nampa Cirimwami... Issa. Nisamehe, mwanangu, kwa lile la sanduku. Kitu kikiwa na kiu ukipatie maji, nimekuelewa. Jibu lako lilikuwa la kutosha.

Khaled akirudi mwambieni vyumba ajenge, watu wanahitaji pa kulala, lakini ajenge nyuma, upande wa jiko, na rafiki yake wa tepu asikanyage huku mbele. Huku kwenye maua ni kwa mama yenu mpaka mwisho wake. Na yule wa chini ya dirisha msimwite tena Teza. Jina lake Dorothée. Mtu asimkate, achanue anavyotaka.

Barabara zikifunguliwa, na zitafunguliwa, mnipelekee mama yenu Teza. Issa aendeshe gari, aende polepole, kwenye kona za Bugarama apige honi. Gunia liko kabatini, chini ya mashuka, lilowesheni. Mama yenu ataomba mmea mmoja, kwa adabu, kama zamani. Mumpande pembeni ya Dorothée. Asipochanua... mumwache hivyo hivyo. Anakumbuka baridi.

Houda, sogea. Usilie, binti yangu, siri uliyoitunza ilikuwa nzuri. Ile ya asubuhi lakini ni mizinga. Msiniambie ni radi. Na nyinyi, mkisikia mizinga usiku, msikae kuulizana nani amemwonyesha nani... Jirani akilia mwende. Mbebe koleo.

Radhi yangu... iko wapi kaseti... radhi yangu nawapa nyote, Khaled, Houda, Issa, na watakaozaliwa kwenu. Mungu awape riziki halali na majirani wa kusikia kilio. Awape kulala bila kusikiliza mlango. Mama Khaled, wewe sina cha kukupa ambacho hukukipanda mwenyewe... Wewe ndiye utoe radhi. Umetoa? Anasema ametoa. Zamani.

Fungua dirisha lote. Kesho asubuhi... usikate.

Mnasikia? Kuna mtu langoni. Apana, Houda, usichungulie. Fungua tu.